Mstari wa Ishirini na Tatu

Kwa karibu miaka mitatu mimi ndiye niliyehesabu nyumba za Majabali. Huu ni mtaa wa juu kabisa, pembezoni mwa mji wa Iringa, mahali ambapo njia ya gari inaishia na mawe makubwa yanaanza. Jina langu ni Vitus Kalinga. Nilizaliwa Kilolo, nikasoma hadi darasa la saba, kisha mjomba akanipa mwiko wa kujengea, na tangu hapo sijafanya kazi nyingine. Sasa nina miaka arobaini na tisa. Naandika haya kwa sababu hesabu yangu ilikaribia kuwanyima watu maji, na naona heri nieleze mwenyewe kuliko kuacha yaelezwe na wengine kule chemchemini wanapochota maji.

Kazi ya kuhesabu sikuiomba. Zamani ofisi ya takwimu ya kanda, iliyoko Mbeya, ilijua habari za ujenzi kwa kutazama vibali tu. Mtaa wetu, katika mwaka mzima, ulikuwa na vibali viwili: kimoja cha kanisa la Walutheri na kingine cha choo cha kanisa hilohilo. Lakini Ezron, mwenye duka la saruji kule chini barabarani, alikuwa akishusha lori zima kila baada ya wiki mbili, na mifuko yote ilipanda kwetu kwa mabega na mikokoteni. Mtu mmoja ofisini akajiuliza saruji hiyo inaliwa na nani. Ndipo likatoka agizo kwamba kila mtaa uwe na mtu wa kujaza fomu ya majengo kila miezi mitatu. Mwenyekiti wetu, Sosthenes, akanichagua mimi.

"Fundi, wewe hupigi domo," aliniambia. "Utazunguka, utaandika, utarudi. Mwingine nikimtuma ataishia kwenye pombe ya ulanzi."

Alisema kweli. Mimi si msemaji. Nikiingia mahali penye watu watatu, natafuta kiti kilicho karibu na mlango. Siku ya mafunzo, katika ukumbi mmoja mjini, nilikaa hukohuko mlangoni. Mwalimu alitueleza kwamba kila jengo lina mstari wake: namba, hatua ya ujenzi, linakaliwa au halikaliwi, na watu wangapi. Akasema jengo lisilo na milango na madirisha ya kudumu liandikwe pagale, na pagale halikaliwi.

Hapo nilijua kuna kosa. Kwetu mtu hangoji nyumba iishe ndipo ahamie. Anapaua vyumba viwili, anaziba madirisha kwa matofali ya kuchoma yaliyopangwa bila udongo, anatundika bati mlangoni, anaingiza watoto. Kila msimu akivuna vizuri anatoa matofali ya dirisha moja na kuweka fremu. Wengine wanakaa hivyo miaka kumi. Nilitaka kusema. Mkono wangu uliinuka kabisa, ukafika usawa wa sikio, nikajikuna kichwa, nikaushusha.

Basi nikahesabu kama nilivyoambiwa, na nilihesabia njiani. Fundi mwashi hahitaji kuingia ndani ili ajue nyumba imefika wapi. Naona msingi, naona lenta juu ya madirisha, naona kenchi za paa na bati, naona dirisha lina kioo au lina matofali. Nilikuwa napita asubuhi, watu wakiwa shambani, naandika huku nikitembea. Mistari sabini na moja niliimaliza kwa siku mbili bila kumsumbua mtu. Misingi kumi na minne, mapagale hamsini na mawili, nyumba zilizokamilika tano. Zinazokaliwa: tano.

Mmoja kati ya mistari hiyo ya nyumba zilizokamilika, ule wa ishirini na tatu, ulikuwa wa nyumba yangu mwenyewe.

Nyumba hiyo niliijenga kwa miaka tisa, Jumapili baada ya misa na siku ambazo kazi za watu zilisimama. Severina, mke wangu, ndiye aliyepandisha maji ya zege kutoka chemchemi ya bondeni, ndoo baada ya ndoo, kichwani. Hakuomba mengi. Aliomba dirisha la jikoni liwe chini, ili aone njia akiwa amekaa kwenye kigoda anamenya viazi. Nilimkalisha kwenye kigoda palepale juu ya msingi, nikapima kutoka chini hadi machoni pake, nikaweka alama kwa chaki. Mafundi wenzangu walipopita walicheka.

"Vitus, hilo dirisha la watu au la mbuzi?"

Severina ndiye aliyewajibu. "La mbuzi. Nataka niwaone mkipita."

Fomu ya kwanza niliijaza mwezi wa sita. Severina alikuwa Mbeya amelazwa, na binti yetu Goodness, aliyeolewa huko, alikuwa akimpelekea uji. Tulikubaliana kwamba akirudi tunahama kutoka chumba chetu cha kupanga kule Mlandege. Kitanda kipya kilikuwa kimeshaingia, bado kimefungwa kwenye nailoni yake. Nilipofika kwenye mstari wetu nikafikiri hivi: karatasi hii itachukua wiki kadhaa hadi ifike ofisi ya kanda Mbeya, na sisi tutakuwa tumeshahamia. Nikaandika: imekamilika, inakaliwa, watu wawili.

Severina alirudi mwezi wa saba katika jeneza. Tulimzika Kilolo, karibu na mama yake.

Mwezi wa tisa fomu ikaja tena. Ningeweza kuandika mtu mmoja, lakini sikuwa nimehamia. Ningeweza kuandika haikaliwi. Niliushika huo mstari tangu adhuhuri hadi kuku walipoanza kupanda darini. Mwishowe nikanakili yaliyoandikwa mara ya kwanza. Mwezi wa kumi na mbili nikanakili tena. Fomu kumi na mbili zilikwenda Mbeya, na katika zote mimi na Severina tunakaa Majabali, nyumba namba ishirini na tatu.

Mwaka huu, mwezi wa tano, Sosthenes aliita mkutano kwenye uwanja wa shule. Alikuwa na barua ya watu wa maji. Kila mtu alijua inahusu nini, maana mitaro ya bomba jipya ilikuwa imefika mtaa wa chini yetu, na wanawake walikuwa wameanza kuambizana mahali pa kuweka mapipa. Sosthenes akaisoma polepole. Bomba litapandishwa kwenye mitaa yenye nyumba zisizopungua arobaini zinazokaliwa. Kwa mujibu wa takwimu, Majabali ina nyumba tano.

Kisha akasimama Yudith, ambaye sisi humwita Mama Lugano. Pagale lake linatazamana na nyumba yangu, njia tu ndiyo inayotutenganisha.

"Mwenyekiti, hebu rudia hapo. Ngapi?"

"Tano, mama."

"Mimi mwenyewe ndani nina watu saba. Sisi ni panya?"

"Mama Lugano, yako kitakwimu ni pagale. Pagale halina watu."

"Kitakwimu!" Aliwageukia wenzake. "Jamani, mmesikia? Kumbe huyu Lugano ninayemfulia kaptula kila siku hayupo!"

Watu wakacheka, lakini si kwa furaha. Mzee mmoja akauliza nani aliyehesabu. Sosthenes akatazama viatu vyake. Kichwa kimoja kiligeuka upande wangu, kisha vyote.

"Mafundi ndio walivyo," yule mzee akasema. "Kama hukumpa yeye kazi, nyumba yako si nyumba."

Nilikuwa nimesimama pembeni, karibu na lango la uwanja. Nikatoka.

Siku zilizofuata hakuna aliyenitukana. Kutukanwa ningekuelewa. Nilipokutana na wanawake wenye ndoo kwenye ile njia nyembamba ya chemchemi, walijibana kwenye mawe wakanipisha, wakaniamkia "Shikamoo" kwa Kiswahili, kama mtu aliyetoka mbali. Zamani tulikuwa tukisalimiana kwa Kihehe, "Kamwene", na kila mtu anaendelea na safari yake. Nilikuwa nikirudi chumbani Mlandege, nikipika, nikila, nikisikia redio ya jirani kupitia ukutani. Goodness alipopiga simu Jumapili akauliza, "Baba, huko kuna habari gani?" Nikamwambia hakuna habari.

Sosthenes aliandika barua ya malalamiko. Wiki mbili baadaye akaja dada mmoja kutoka ofisi ya Mbeya, jina lake Mercy, mwenye miaka thelathini na kitu, amevaa viatu vya mvua na koti zito. Alikuwa na fomu zangu zote kumi na mbili katika jalada. Alisema atakagua mistari mitano tu, na ili asipendelee, akaandika namba sabini na moja kwenye vikaratasi, akavitia katika kikombe cha plastiki, akamwambia Mama Lugano atoe. Mama Lugano akatoa cha nane. Cha pili kikawa ishirini na tatu. Vile vingine vitatu sikuvisikia.

Tukaanza na namba nane, watu kama kumi wakitufuata. Ulikuwa msingi wa mawe, nyasi zimeota katikati.

"Huu ulianza lini, baba?" Mercy aliniuliza.

"Miaka kumi na moja iliyopita. Mwenyewe yuko Madibira, analima mpunga."

"Na kila fomu umeandika msingi mmoja."

"Ndiyo, maana upo."

Mercy akacheka mwenyewe, akafunika mdomo. "Ofisini misingi ya kila fomu wanaihesabu kuwa mipya, wanaijumlisha na iliyotangulia. Huu mmoja kwetu umekuwa misingi kumi na miwili. Kwenye ripoti ninyi mna misingi mia na zaidi na nyumba tano. Mkubwa wangu aliuliza Majabali kuna ugonjwa gani, watu wanaanza tu hawamalizi." Kisha akaacha kucheka. "Hilo si kosa lako. Twende ishirini na tatu."

Tukaenda. Alisimama mbele ya mlango wa mbao ya mninga, akatazama vioo, akatazama rangi.

"Hii ndiyo nyumba hasa. Imekamilika, watu wawili. Mwenyewe nani?"

Mama Lugano akaninyooshea kidevu. "Si huyo hapo uliyefuatana naye?"

"Yako, baba? Mbona husemi?"

Ufunguo ulikuwa katika mfuko wa shati, mahali unapokaa siku zote. Nikafungua. Ndani kulikuwa bado na harufu ya rangi, kwa sababu hakuna kitu kingine kilichowahi kunuka humo, si moshi, si chakula, si watu. Mercy akapita sebuleni, akaingia chumbani, akagusa nailoni ya kitanda. Vumbi lilibaki kwenye kidole chake.

"Nani anakaa hapa?"

Mama Lugano akasema akiwa mlangoni, "Anakuja Jumapili, anafagia, anafuta vioo, anafunga, anaondoka. Watoto wangu wanamwita bwana harusi."

"Na hawa watu wawili ni akina nani?" Mercy aliniuliza.

"Mimi na mke wangu."

"Yeye yuko wapi?"

"Kilolo."

Mama Lugano akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Amezikwa Kilolo, dada. Mwaka wa tatu huu."

Wale waliokuwa dirishani wakasogea nyuma. Mercy akaniambia, "Pole, baba." Halafu akafungua jalada lake, na nilimheshimu kwa hilo, kwamba hakulifunga kwa huruma.

"Lakini orodha hii siwezi kuirudisha hivi. Nimekuja kukagua mistari mitano, na wa pili tu ni wa uongo. Ile mingine sitini na sita nitaiaminije?"

"Mingine ni kweli," nilisema. "Kwa fomu ilivyo."

"Huyu mama ana watu saba. Kwa fomu?"

"Hakai."

"Na kwa macho yako?"

"Anakaa. Moshi wake nauona."

"Sasa safu hii ya mwisho ilikuwa ya nini?" Aliniwekea karatasi mbele ya uso. Safu ya mwisho ya fomu imeandikwa Maelezo. Katika fomu zangu zote, toka juu hadi chini, ilikuwa nyeupe. "Hapa ungeandika: pagale lakini watu saba wanalala humu. Neno moja tu. Tungeliona. Mbona hukuandika kitu?"

Nikamwambia ukweli. "Sikudhani kuna mtu anayetaka maelezo yangu."

Mercy akatoa fomu mpya. Alisema watu wa maji wanafunga orodha yao Ijumaa ya wiki inayofuata. Hesabu mpya ikimfikia kabla ya hapo, ataipeleka mwenyewe. Isipomfikia, Majabali itasubiri mradi mwingine, na hajui utakuja mwaka gani.

"Tutamtafuta mtu mwingine wa kuhesabu," Sosthenes akasema haraka.

"Mwingine yupi?" Mama Lugano akamkata. "Wa ulanzi? Mwacheni huyuhuyu, anajua vichochoro vyote. Ila safari hii abishe hodi. Siku zote anapita nje shingo upande kama aliyepotelewa na mbuzi."

Nikaanza Jumamosi jioni, wakati watu wamerudi nyumbani. Kwenye mlango wa kwanza nilisimama muda mrefu mpaka mbwa akachoka kunibwekea. Hodi yangu ilikuwa ndogo, nikairudia. Ndani wakasema karibu, nikainama chini ya bati, nikaingia.

Miaka mitatu nilikuwa nimeandika kwamba humo hamna mtu. Kulikuwa na mama, watoto wanne na bibi yao, na jiko katika chumba kisicho na paa, na matofali ya dirishani yaliyokuwa yameachiwa tundu moja la kutazamia njia. Walinivutia kiti. Nikauliza wako wangapi, nikaandika sita. Katika safu ya mwisho nikaandika: wanalala vyumba viwili, wanapika cha tatu, wanachota maji bondeni.

Nyumba ya pili hodi ilikuwa rahisi kidogo. Siku ya tatu sikusimama tena mlangoni. Mahali pengine walinipa ugali na majani ya maboga, na baba wa nyumba akasema, "Andika hapo kwenye maelezo kwamba nyama haikuwepo, labda ofisi itatuma." Namba thelathini na saba palikuwa na kufuli. Jirani akasema wako Madibira kwenye mavuno ya mpunga, watarudi mwezi wa saba, wako wanane. Nikaandika vilevile alivyosema, na kwamba amesema jirani. Namba hamsini na mbili alikuwemo mzee mmoja peke yake. Nikaandika mtu mmoja, nikataka kuinuka.

"Soma ulichoandika," akasema.

Nikamsomea.

"Andika pia kwamba bati linavuja upande wa kaskazini."

Nikaandika.

"Andika kwamba pagale hili nililijenga na kaka yangu." Niliona anatafuta la kuongeza ili nisiondoke. Nikakaa. Tulikaa mpaka chai yake ikapoa na tukaichemsha mara ya pili, na hakuna kilichosemwa ambacho fomu ingekihitaji.

Jumanne mchana nilikuwa nimemaliza mistari sabini. Katika mapagale hamsini na mawili, arobaini na matatu yalikuwa na watu, pamoja na lile lenye kufuli la watu wa Madibira. Ukiongeza nyumba nne zilizokamilika, jumla ni arobaini na saba. Nilijumlisha mara tatu nikiwa nimekaa juu ya jiwe. Hata lile la Madibira wakilikataa, zinabaki arobaini na sita. Maji yangepanda bila nyumba yangu. Sikuwa na sababu ya kudanganya tena kwa ajili ya mtu yeyote.

Ulibaki mstari wa ishirini na tatu.

Niliteremka mpaka mlangoni kwangu. Ufunguo nilikuwa nao, lakini siku nne nilikuwa nimebisha kila mlango wa Majabali, na mkono ulikwenda wenyewe. Nikagonga. Nikasema hodi.

Ndani hakukujibu mtu. Nilijua hatajibu. Hata hivyo nilisubiri, kama nilivyosubiri kwenye milango mingine, muda ule ambao mtu anaweka chini kitu alichoshika na kujifunga kanga.

"Karibu!" Ilikuwa sauti ya Mama Lugano, kutoka ng'ambo ya njia. Alikuwa akianua nguo. "Pita ndani, baba Goodness, ni kwako hapo. Usiogope mbwa."

"Kamwene," nikamwambia.

"Kamwene. Tumefika ngapi?"

"Arobaini na saba."

Aliweka nguo begani, akanitazama. Nilidhani atapiga vigelegele. Akauliza tu, "Pamoja na hiyo?"

"Bila hii."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani kwake.

Nilifungua, nikaenda jikoni. Hakukuwa na kiti, nikaleta ndoo tupu ya rangi, nikaigeuza, nikaikalia. Sikuwa nimewahi kukaa katika jiko lile. Kila Jumapili nilifagia nikiwa nimesimama. Ukikaa, dirisha la Severina linakuwa usawa wa macho kabisa, kama nilivyolipima. Njia nzima inaonekana, kuanzia kwenye jiwe la juu hadi kona ya kushukia chemchemi. Wanawake wawili walipita na ndoo. Lugano akapita akikimbiza gurudumu. Hakuna aliyejua kwamba kuna mtu ndani anayewatazama.

Nikaweka fomu kwenye goti. Hatua: imekamilika. Inakaliwa: nikaandika hapana. Watu: nikaandika sifuri. Katika safu ya mwisho nikaandika kwamba mwenye nyumba ni fundi Vitus Kalinga, anapanga Mlandege, na kwamba mke wake, Severina, alifariki kabla ya kuhamia. Ilikuwa mara ya kwanza kuliandika jina lake tangu tulipochora msalaba wa kaburi lake.

Mistari sabini mingine yote nilikuwa nimeijaza kwa wino. Huu niliujaza kwa penseli, ili uweze kufutika. Fomu ilitakiwa Mbeya Ijumaa, na siku ile ilikuwa bado Jumanne.